Jezi ya kesho ipimwe kwanza kwa jasho la saa tisa alasiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako tukufu nichangie ile makala mliyotoa juzi kuhusu jezi za miaka ijayo, ile yenye picha ya mchezaji anawaka taa kifuani kama bajaji ya harusi. Niliisoma dukani nasubiri mashine ipate moto, na wateja wawili waliokuwepo wakaichangamkia balaa, mmoja akasema kuna siku jezi itakuwa inajua umechoka na inamwambia kocha akutoe, mwenzake akamjibu kwa timu yetu hiyo chip ya nini wakati uwanja mzima unaona. Tulicheka sana. Ila mimi ni fundi jezi, nashona na kuprinti hapa Temeke mwaka wa kumi na moja huu, na makala yenu iliniacha nakuna kichwa. Hamkudanganya, hapana, ila mlianza kuezeka wakati hata msingi haujachimbwa.

Niwape kisa changu mwenyewe kwanza. Miaka kama minne nyuma timu moja ya mchangani kutoka Mbagala iliniletea oda, wanaingia ligi ya mtaa, wanataka jezi nyeusi zenye mistari ya dhahabu, wapendeze. Muuza vitambaa niliyekuwa namtegemea kipindi hicho akaniambia kapokea mzigo mpya, "hiki ndo wanachovaa Ulaya", nikakishika nikaona kizito kina mng'ao, nikajua hapa nimepata mali. Nikachapa, nikashona, vijana wakapiga picha zikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka nikapata oda nyingine mbili. Mechi ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili saa tisa alasiri, na mnaoijua Dar ya mwezi wa pili mnanielewa, jua linawaka alafu hewa imejaa unyevu mpaka shati linakugandia ukiwa umekaa tu kwenye daladala. Dakika ya ishirini na tano vijana wanavuta jezi kifuani wapate upepo, hafutaimu wote wakazivua wakaanza kuzikamua, maji yaliyotoka ungedhani wametoka kuogelea Coco. Nahodha akanirushia ya kwake akasema "bro hii umetushonea jezi au blanketi?"

Niliichukua vile vile ilivyo mbichi nikaenda kuipima kwenye mizani ya mama muuza dagaa pembeni ya uwanja. Mama akaniuliza dagaa wa aina gani hao. Gramu 610. Kavu ilikuwa 260 hivi. Yaani yule kijana kipindi kizima alikuwa anakimbia amebeba theluthi ya kilo ya jasho lake mwenyewe, mgongoni, kwenye jua, na limekaa tu halikauki. Walipigwa tatu bila. Sisemi jezi ndo iliwafunga, beki yao ya kulia ilikuwa na matatizo toka enzi, ila mimi nilirudi nyumbani nimenyamaza.

Toka siku ile ndo nikaanza kusoma kitambaa kama mtu anavyosoma mkataba. Kitambaa cha jezi kinapimwa kwa gramu za mita moja ya mraba, kwenye roli wanaandika GSM, na watani zangu wa Yanga tulieni hii sio ile kampuni yenu. Nilichouziwa kilikuwa juu ya 220, wakati jezi nyingi za mpira za sasa zinacheza kwenye 130 mpaka 160 hapo. Na kingine ambacho nilikuwa sijawahi kukifikiria kabisa, jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka, na huku pwani hewa yenyewe imeshashiba maji kwahiyo jasho linatiririka tu linapotea bure. Jezi nzuri inalivuta jasho kutoka kwenye ngozi inalitandaza upande wa nje eneo kubwa ili upepo ulikute, na inaacha matundu mgongoni na kwapani joto lipite. Ikiwa nzito na imefumwa ikabana, hata uandike jina la nani kifuani, umevaa mfuko wa rambo. Na ule weusi ndo ulimalizia kabisa, maana rangi nyeusi inameza jua.

Sasa twende kwenye hizo za maabara ambazo makala yenu ilizisifia. Faith Kipyegon wa Kenya, Juni 26 mwaka 2025 pale Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, na Nike wakamtengenezea suti nzima yenye vinundu vidogo vidogo vya kukata upepo, wakamtengenezea na sidiria iliyochapwa na printa ya 3D, viatu vya peke yake, na watu wa kumkinga upepo mbele na nyuma. Akakimbia 4:06 na ushee. Ni kasi ya ajabu, imepita rekodi yake mwenyewe ya 4:07.64, ila haikuhesabiwa kwa sababu ya ile mipango mingine yote, na dakika nne zenyewe zikabaki mbali. Alafu siku tisa baadae huyo huyo dada akaenda Eugene kule Marekani, mbio za kawaida kwa sheria za kawaida, akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:48.68. Mimi nikiwaambia vijana dukani kwangu kwamba mapafu hayashonwi kwenye cherehani wananiona nawabania biashara.

Ila kuna mahali kitambaa kilishinda kweli, mpaka kikapigwa marufuku. Kuogelea. Mwaka 2008 kampuni ya Speedo walileta vazi la LZR Racer, walisaidiwa na NASA, wale wa anga wa Marekani, kwenye vipimo, lina vipande vya poliurethani, aina ya plastiki, linakubana mwili mzima unakuwa kama samaki, kulivaa tu ilikuwa kazi ya zaidi ya robo saa na unahitaji msaidizi. Olimpiki ya Beijing rekodi zikaanguka kama maembe. Mwaka uliofuata kampuni nyingine zikaja na mavazi ya plastiki tupu, mashindano ya dunia Roma zikavunjwa rekodi 43 kwenye wiki moja na Mjerumani Paul Biedermann akampita nguli wa Marekani Michael Phelps mita 200 mtindo huru. Basi wenye mchezo wakashtuka, kuanzia Januari 2010 vazi liwe la kitambaa, mwanaume kiunoni mpaka magotini basi. Ile 1:42.00 ya Biedermann ya mita 200, zaidi ya miaka 15 baadae, hakuna aliyeigusa. Nikiiona kwenye orodha ya rekodi huwa najiuliza nampongeza muogeleaji au fundi.

Na sisi Waafrika tumeshapigwa hiyo hiyo filimbi. Mnakumbuka Kameruni ya akina Eto'o, AFCON ya 2002 walivaa jezi za kukata mikono kama za basketi, Puma ndo waliwashonea, wakachukua kombe nazo, kufika Kombe la Dunia FIFA wakasema hapana mikono inatakiwa, wakaongezewa vimikono vyeusi. Hawakukoma. 2004 kule Tunisia wakatokea na jezi na bukta zimeunganishwa kipande kimoja, FIFA wakawapiga faini faranga za Uswisi 200,000 na kuwakata pointi sita za kufuzu Kombe la Dunia, pointi zikaja kurudishwa baadae baada ya kelele nyingi. Kwahiyo mkiandika jezi ya mwaka 2040 itakuwa hivi na hivi, mngemuuliza na mwenye kitabu cha sheria, maana yeye ndo mshonaji wa mwisho. Na viatu vya marathoni ni hivyo hivyo, toka 2020 unene wa soli mwisho milimita 40 na bamba gumu moja tu ndani.

Sio kwamba nadharau vitu vidogo. Septemba 15 mwaka 2025 mimi na jirani yangu kinyozi tulikuwa tumeganda kwenye simu moja, Alphonce Simbu anaingia uwanjani Tokyo na Mjerumani Amanal Petros yupo mbele yake, kilomita 42 zimeisha zimebaki hatua, kule kuna joto la kufa mtu na unyevu kama wa kwetu, wote wakaandikiwa 2:09:48 na picha ikasema Simbu kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania mashindano ya dunia ya riadha! Kinyozi akamwacha mteja na nusu kichwa. Sasa kwa sekunde sifuri nukta sifuri tatu, mimi hata pini ya kubania namba kifuani naiogopa, achilia mbali fulana iliyoloa. Ndo maana nasema tuanze na jasho. Wenzetu wanatafuta vinundu vya kukata upepo kwa sababu joto walishalimaliza kwenye vyumba vyao vya kupimia, wana madoli yanayotoa jasho, kabisa, doli la ukubwa wa mtu linalotoka jasho wanalivalisha nguo wanasoma namba. Sisi doli tunalo tele, limejaa viwanja vyote kuanzia Tandika mpaka Mbagala, ila hakuna anayelipima.

Na hapa niseme siri ya kazi yetu ambayo wenzangu watanichukia. Mnajua kwanini jezi zote za mtaani ni poliesta? Wengi wanadhani mchezaji ndo amechagua. Mashine ndo imechagua. Zamani tulikuwa tunakata namba za plastiki tunazibandika na pasi, mechi tano saba inageuka moja, watu wanatutukana. Ikaja sablimesheni, unaprinti kwenye karatasi, unaweka juu ya kitambaa cheupe unakandamiza kwenye joto la kama nyuzi 200, wino unageuka hewa unaingia ndani ya uzi wenyewe, haubanduki maisha. Ila unakubali poliesta tu, kwenye pamba unafua mara moja umekwenda na maji. Kwahiyo poliesta ilishinda kwa sababu inakubali wino wangu, na kitambaa kizito kinashika rangi vizuri zaidi na picha zinatoka kali, mteja anafurahi siku ya kwanza. Anayeteseka anaanza kuteseka wiki ya pili.

Kuna wazee wangu hapa mtaani nikiwapa haya maelezo wanakuja juu, si turudi kwenye pamba yetu bana, Simiyu na Shinyanga kwote kule pamba imejaa na sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi, tunakuja kuuziwa nguo. Kwenye hilo la kuuza mali ghafi nipo nao mia kwa mia, inauma. Ila kwa jezi ya mechi, wazee wangu, hapana. Pamba inakunywa jasho na inakaa nalo, ukicheza dakika tisini na fulana ya pamba utaona mwenyewe. Ya mazoezi sawa, ya kuvaa jukwaani sawa, tena nzuri tu. Pia watu wanasahau kwamba viwanda vyetu vikubwa vya nguo, akina Urafiki pale Ubungo, kazi yao ilikuwa khanga na vitenge, hivyo ni vitambaa vya nyuzi zinazopishana, jezi ni kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi ndo maana inavutika, mashine ni tofauti kabisa.

Lakini nani kasema hatujui kufuma? Arusha kiwanda cha A to Z toka 2003 kinatengeneza vile vyandarua vyenye dawa ndani ya uzi, uzi wa plastiki, unafumwa matundu, kwa mamilioni. Nilipokuwa nawaza kitambaa cha matundu cha mgongoni nikaangalia chandarua juu ya kitanda changu nikacheka peke yangu. Uzi sio ule ule na chandarua hakivaliki, najua, ila mtu anayejua kufuma tundu ambalo mbu hapiti na upepo unapita, na akaweka dawa ikakaa miaka, huyo umbali wake na kitambaa cha jezi ya joto sio mkubwa kama tunavyoambiwa. Hilo ndo ningetamani mwandishi wenu angekwenda kuliuliza kuliko taa za kifuani.

Kitu kingine mlikipita kama basi la mwendokasi ni kina dada, mistari miwili tu, wakati hapo ndo jezi imebadilika kuliko kote na bado itabadilika. Sidiria ya michezo yenyewe ya kwanza kule Marekani 1977 ilitengenezwa kwa kushona pamoja vikinga viwili vya sehemu za siri za wanaume, vile vya michezo, hebu fikiria. Mimi nina timu ya wasichana ya shule moja ya Kigamboni, nusu wanavaa hijabu, na mwanzo walikuwa wanabana na pini, mpira wa kichwa ukija kila mtu anafumba macho. FIFA wenyewe mpaka 2014 ndo waliruhusu rasmi, miaka mitatu kabla ya hapo timu ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan kwa sababu hiyo hiyo, na 2023 Nouhaila Benzina wa Moroko akawa wa kwanza kuivaa uwanjani kwenye Kombe la Dunia la wanawake wakubwa. Mimi yangu naishona kipande kimoja, kitambaa chepesi chenye spandeksi, ule uzi unaovutika, hakuna pini hakuna fundo, shingoni nimeacha matundu, na nilirudia mara nne mpaka golikipa akasema sasa nasikia beki wangu wananiita. Nilikuwa nawaziba masikio, kumbe! Alafu Wajapani, kampuni yao ya Mizuno, kwa Olimpiki ya Paris 2024 walitengeneza kitambaa cha kuzuia kamera zile za mionzi ya joto zinazopenya nguo, maana kuna wahuni wanawapiga picha wanariadha wa kike kwa siri. Hiyo kwangu ndo teknolojia, imeanza na mtu ana shida.

Kuhusu chip za kuzuia jezi feki, sawa, chip zenyewe sio mpya, Nike waliweka kwenye jezi za NBA mwaka 2017, ulikuwa unagusisha simu kwenye lebo. Huku kwetu mwenye jezi feki ya Simba au Yanga anajua kabisa ni feki, kainunua kwa sababu ya bei, simu itamwambia nini kipya? Nilishafuatwa mara nyingi nichape za kuiga, nakataa, na anayenifuata anavuka barabara tu anapata. Na zile vesti za GPS za kupima mchezaji anavyokimbia, ambazo mashabiki wanaziita sidiria, ziliruhusiwa kwenye mechi toka 2015, hizo nazikubali, ila siku zikishonwa ndani ya jezi yenyewe tuambiane mapema mapigo ya moyo ya mchezaji ni mali ya nani, ya kwake au ya klabu inayotaka kumuuza.

La takataka nitalipita haraka maana linanihusu vibaya. Poliesta ni ndugu wa chupa ya maji, Kombe la Dunia 2010 Nike walitoa jezi ambazo moja ilikula mpaka chupa nane zilizotumika, ni jambo zuri, ila ukiifua inatoa vumbi la nyuzi linaenda kwenye maji, na jezi kuukuu iliyochanganywa na spandeksi na wino kuirudisha kuwa uzi ni shughuli. Mimi kila seti inaniachia kiroba cha vipande. Kuna mama anavichukua kujazia mito, akisafiri navichoma, najua sio sawa.

Sasa AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, watu watashona na kuuza jezi mpaka basi. Ombi langu kwa wenye ligi, kuanzia za juu mpaka zile za mashuleni UMITASHUMTA na UMISSETA, ni dogo sana, jezi iandikwe uzito wa kitambaa kwenye lebo kama mfuko wa sementi unavyoandikwa, na zabuni za jezi za watoto ziweke ukomo wa uzito, sio rangi na nembo tu. Hapo hata mimi fundi nitabanwa, na nibanwe.

Na nyie gazetini nawakaribisha dukani. Nimekata vipande vitatu, kile cheusi cha Mbagala nimekitunza, kipo kimoja cha gramu 140, na kimoja cha matundu. Unadondosha tone la maji kwenye kila kimoja unaangalia, moja linabaki limekaa juu kama jicho, moja linatambaa, moja likigusa tu limeshasambaa ukubwa wa sahani. Kisha tunavitoa nje kwenye kamba na saa mkononi. Ila mwandishi wenu aje saa tisa alasiri, asije asubuhi.

Fundi Jezi,
Temeke, Dar es Salaam